Shimesikio Janja: Ujanja Uko Wapi?

Mtu anayeanza kupoteza usikivu kwa kawaida halalamiki kwamba hasikii. Husema, "Nasikia, ila sielewi." Watoto wake huona ni ukaidi, maana sufuria ikianguka jikoni anageuka. Kijana wa jirani huona ni majivuno, kwa kuwa ametoa shikamoo mara mbili na haikuitikiwa. Mwenyewe hushikilia kwamba watu wa siku hizi wanatafuna maneno.

Maelezo yake yamo ndani ya sikio. Katika kiungo chenye umbo la konokono kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na zile zinazopokea sauti nyembamba zimepangwa mwanzoni kabisa. Umri, kelele za karakana au za disko, na dawa kama gentamaisini mara nyingi huziharibu hizo kabla ya nyingine, na zikifa hazioti tena. Sasa utazame Kiswahili. Irabu zetu ni nzito na zina nguvu, zinapenya hata sikio lililochoka. Sauti kama p, s, f, sh na th ni nyembamba na hafifu. Ziondoe hizo, na "amefika", "amepika" na "ameshika" zinabaki wimbo mmoja. Mzee anaulizwa kama Juma amefika, anajibu kwamba wali bado. Na kuna lililo zito zaidi: kati ya "nitakuja" na "sitakuja" ahadi nzima imebebwa na sauti moja ya mwanzo, na s ni miongoni mwa zile zinazotangulia kupotea. Anayekisia hivyo tangu asubuhi, ikifika magharibi amechoka kuliko aliyelima, na kesho yake hatoki kwenda barazani.

Kwa hiyo kumpigia kelele hakusaidii sana, na vifaa vya zamani vya kusaidia kusikia, yaani shimesikio, vilifanya hivyo hivyo: vilimpigia kelele. Vilikuza kila kitu kwa kipimo kimoja, maneno na mlio wa pikipiki pamoja. Tena sikio lililoharibika lina tabia mbaya ya kutosikia sauti ndogo kabisa halafu kuumizwa na sauti kubwa kama mtu mwingine yeyote, au hata zaidi. Nafasi iliyobaki katikati ni finyu. Mamilioni ya watu walivivaa vifaa vile siku chache, wakavitia kabatini, wakaitwa wakaidi mara ya pili.

Historia yenyewe inaweza kupitwa haraka. Desemba 1952 kampuni ya Sonotone ya Marekani ilitoa shimesikio lenye transista, karibu miaka miwili kabla ya redio ya kwanza ya transista kuingia madukani. Kwa maneno mengine, viziwi walitangulia wapenzi wa muziki. Mwaka 1996 kampuni mbili za Denmark, Widex na Oticon, zilileta vifaa vya kidijitali kamili. Hapo sauti iligeuzwa kuwa namba, na namba unaweza kuzifanyia hesabu: minong'ono ikainuliwa sana na kishindo kikaguswa kidogo, sauti nyembamba zikapewa nguvu kulingana na kipimo cha sikio la mhusika, maikrofoni mbili zikalinganisha sauti ya mbele na ya nyuma, na ule mluzi uliokuwa ukiwaaibisha watu msikitini ukafutwa kabla haujatoka. Sehemu kubwa ya faida anayoipata mvaaji wa leo inatokana na hesabu hizi za miaka ya tisini, wala hazihitaji jina la akili mnemba.

Kilichobaki kilikuwa tatizo gumu kuliko yote, nalo ni kelele iliyotengenezwa kwa maneno. Ndani ya matatu injini inanguruma mfululizo, na mngurumo usiobadilika ni rahisi kuutambua na kuupunguza. Kwenye ukumbi wa harusi adui ni watu mia mbili wanaozungumza kwa masafa yale yale anayozungumza shemeji uliyeketi naye meza moja. Mbinu za zamani hazikuwa na namna ya kujua neno lipi ni lako na lipi ni la meza ya pili. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Oticon waliingiza sokoni kifaa kilichofundishwa kwa mifano ya sauti milioni 12, kikajifunza chenyewe umbo la sauti ya mtu katikati ya vurugu. Mwaka 2024 Phonak, chapa ya kampuni ya Sonova ya Uswisi, wakatoa chenye chipu ya pekee ambayo kazi yake ni hiyo moja tu ya kutenganisha maneno na kelele.

Jambo linalosahauliwa katika matangazo ni mahali kazi hiyo inapofanyika. Simu janja ikikosa jibu huuliza kompyuta zilizoko mbali, na sekunde moja ya kusubiri haimuudhi mtu. Sikio halivumilii hivyo. Sauti ikichelewa kwa zaidi ya takriban sehemu 10 kati ya 1,000 za sekunde, mvaaji huanza kusikia sauti yake mwenyewe mara mbili, na ucheleweshaji ukizidi, midomo ya anayesema na maneno yake vinaachana. Hesabu zote lazima zimalizike pale pale nyuma ya sikio, kwa betri ndogo kuliko kifungo cha koti. Nikiulizwa ujanja wa kweli wa kihandisi uko wapi, nitaonyesha hapo.

Hata hivyo mashine haijui unataka kumsikiliza nani. Vifaa vingi hukisia kwamba ni yule aliye mbele yako, jambo linalofaa mkahawani na kushindwa kwenye jamvi la familia ambako wifi anasema kutoka nyuma na mtoto anajibu kutoka mlangoni. Na kelele ikizidi mno juu ya maneno, hakuna chipu itakayoyafukua yote. Anayemuuzia mtu kifaa kwa ahadi kwamba atasikia kila kitu kila mahali anamwandalia kabati.

Upande wa simu mambo ni rahisi zaidi, na faida yake inaonekana siku ya kwanza. Tangu mwaka 2014, zilipotoka ReSound LiNX na Starkey Halo zilizounganishwa moja kwa moja na iPhone, na baadaye zilipofuata simu za Android, sauti ya simu inaingia kwenye kifaa bila kupitia spika ya simu. Kwa ukoo uliotawanyika kati ya Mombasa, Muscat na Toronto, jamaa wanaoishi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hili si jambo dogo. Bibi aliyekuwa akimpa mjukuu simu amsikilizie na kumtafsiria kwa sauti kubwa, siri za nyumba zikijulikana uani kote, sasa anasikiliza mwenyewe, mara mbili akitaka, na kujibu mwenyewe. Faragha ni sehemu ya usikivu ambayo takwimu haziipimi.

Kuna pia Auracast, mfumo wa Bluetooth uliotangazwa mwaka 2022, unaoruhusu ukumbi, uwanja wa ndege au msikiti kurusha sauti ya mzungumzaji kwa kila mwenye kifaa kinachopokea. Hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Jumapili yangemfikia mzee moja kwa moja badala ya kugongagonga kwenye kuta na mabati. Wazo hilo lina babu yake: koili ndogo ndani ya shimesikio inayonasa sauti kutoka waya uliozungushwa ukumbini, teknolojia ya miongo mingi na ya gharama ya wastani. Majengo mengi kwetu hayana hata huo waya, ingawa yana spika zenye uwezo wa kuitikisa mitaa mitatu. Kamati ya ujenzi inayochangisha mamilioni ya kununulia vipaza sauti inaweza kuuliza bei ya waya huo kabla haijasubiri Auracast.

Mengine yanayotajwa kama ujanja nayachukua kwa tahadhari. Mwaka 2018 Starkey walitoa Livio AI, kifaa kinachohesabu hatua, kinachotambua mvaaji akianguka na kutuma ujumbe kwa jamaa, na kinachotafsiri lugha kupitia simu. Kutambua anguko kuna maana kwa mzee anayeishi peke yake na mwenye mtu wa kuupokea ujumbe huo. Kuhesabu hatua kunafanywa na simu ya kawaida. Sioni sababu ya mstaafu wa Morogoro kulipia zaidi ili sikio lake lijue ametembea kiasi gani kwenda sokoni.

Je, maisha yanabadilika kweli? Hapa ni vizuri kwenda polepole, kwa sababu wauzaji wamegundua neno linalotisha kuliko uziwi, nalo ni kusahau. Tume ya jarida la tiba la Lancet imekuwa ikiorodhesha upotevu wa usikivu miongoni mwa vihatarishi vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambavyo mtu anaweza kuvishughulikia. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliowafuatilia watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa kundi zima, waliopewa vifaa na ushauri hawakutofautiana kwa maana na wasiopewa katika kasi ya akili kudhoofika. Lakini kati ya wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, wenye umri mkubwa zaidi na maradhi ya moyo na mishipa, kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 48. Ni habari njema kwa baadhi, wala si kinga ya kuuzwa kwa kila mwenye mvi. Mwenye matangazo hunukuu 48 na kuiacha sentensi iliyotangulia.

Faida iliyo wazi iko karibu zaidi na nyumbani. Mtu anarudi kwenye mazungumzo, halazimiki kukisia, hachoki mapema, na mkewe haongei tena kwa sauti ya mnadani. Ila faida hiyo haiji kwa siku moja. Miwani mtu huvaa na kusoma papo hapo. Sikio halifanyi hivyo, kwa kuwa ubongo uliokaa miaka bila sauti nyembamba lazima ujifunze upya zina maana gani. Wiki za kwanza friji inaunguruma, kanga zinachakacha, mtu anashangaa kwamba nyayo zake zina mlio. Anayemwelekeza vizuri humwambia aanze chumbani na mtu mmoja, kisha watu wawili, na harusi iwe mwisho. Vifaa vya leo vingi husaidia hapo kwa kupandisha nguvu kidogo kidogo kadiri wiki zinavyokwenda, na mtaalamu anaweza kuvirekebisha kwa mbali kupitia programu ya simu. Hili la mwisho halipambi mabango, lakini kwa mtu wa Kigoma ambaye mtaalamu wake yuko Dar es Salaam linaokoa safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ya kwenda kupunguziwa ukali wa sauti ya vijiko.

Na ndipo tunafika kwenye pengo lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kubwa ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa usikivu, na milioni 430 kati yao kwa kiwango kinachohitaji huduma. Karibu asilimia 80 ya hawa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya wote wanaoweza kunufaika na shimesikio, wanaolitumia ni asilimia 17. Ripoti hiyo hiyo inasema kwamba katika asilimia 93 ya nchi za kipato cha chini, mtaalamu wa vipimo vya usikivu hafiki hata mmoja kwa kila watu milioni moja.

Bei ni sehemu ya kisa. Makundi matano ya kampuni, Sonova, Demant, WS Audiology, GN na Starkey, yanashika sehemu kubwa ya soko la dunia. Marekani kwenyewe, baraza la washauri wa rais wa mambo ya sayansi lilikuta mwaka 2015 kwamba kifaa cha sikio moja kiligharimu wastani wa zaidi ya dola 2,300. Ndipo sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2022, ikaruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati kununua dukani bila cheti. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya nchi hiyo ikaidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro 2, hedifoni za kusikilizia muziki zilizokuwa zikiuzwa dola 249, kuwa kisaidizi cha kusikia. Betri ya hedifoni hizo hudumu kama saa sita, muda wa kutosha kwa kikao lakini haufiki jioni. Pamoja na hayo programu hiyo imevunja aibu fulani, maana hakuna anayemcheka mtu mwenye hedifoni.

Tahadhari moja kabla msomaji hajakimbilia mitandaoni. Vinauzwa huko vikuza sauti vya bei ya chini vinavyofanana kabisa na shimesikio. Vingi havijapangwa kwa kipimo cha sikio la mtu yeyote, na baadhi havina kikomo cha sauti kinachoaminika. Vinaweza kumaliza seli zilizosalia. Na asidanganyike aliye na uziwi wa ghafla, wa sikio moja, au sikio linalotoa usaha: hao waanzie kliniki ya masikio, pua na koo, wala si dukani.

Usaha huo unastahili kutajwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo mashine zilizobuniwa kwa wazee wa Ulaya zinapokutana na masikio ya Afrika Mashariki. Maambukizi sugu ya sikio la kati ni sababu kubwa ya watoto na vijana wetu kupoteza usikivu. Ukiliziba sikio la namna hiyo kwa kifaa, unaliwekea joto na unyevu na kulinyima hewa. Usaha unaongezeka na maikrofoni ya maelfu ya shilingi inaharibika. Linahitaji dawa, wakati mwingine upasuaji, na wengine hufaidika zaidi na kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Hakuna kiasi cha akili mnemba kinachoshinda sikio lisilotibiwa.

Kuna vipengele ambavyo katika mabango ya London vingeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa, navyo kwetu vingepaswa kuwa kichwa cha habari. Unyevu ni kimoja. Tanga, Lamu na Unguja zina joto, jasho na hewa ya chumvi, na kifaa kisichozuia maji hufa haraka. Mkebe wenye chembe za kukausha unyevu, wa bei ndogo sana, huongeza umri wake. Umeme ni kingine. Betri za kutupa zinazotumia hewa, ile ya ukubwa wa 312 kwa mfano, hudumu kama wiki moja ya matumizi, na karatasi inayoifunika ikishabanduliwa huendelea kuisha hata usipoitumia, na kwenye mji mdogo huenda duka lenye betri hizo ni moja au halipo. Za kuchaji zinaondoa kero hiyo, ila zinataka umeme kila usiku, na baada ya miaka michache betri iliyofungiwa ndani inachoka na kifaa kizima kurudi kiwandani. Mapema miaka ya 2000, katika kijiji cha Otse nchini Botswana, mradi wa Godisa ulitengeneza chaja ya betri za shimesikio inayotumia jua, na mafundi wake walikuwa viziwi wenyewe. Wazo lile bado ni bora kuliko kihesabu hatua.

Upimaji nao ni ujanja wa aina hiyo. Kampuni ya hearX, iliyochipuka Chuo Kikuu cha Pretoria, ilitengeneza programu ya kupimia usikivu kwa simu janja na hedifoni zilizorekebishwa, na Shirika la Afya Duniani likaitumia teknolojia yake katika programu ya bure ya hearWHO mwaka 2019. Mhudumu wa afya wa jamii aliyefundishwa anaweza kupima watoto wa shule nzima bila chumba maalumu cha ukimya. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 unaruhusu hatua moja zaidi: watu wasio wataalamu, wakifunzwa na kusimamiwa, wapime na kuwavisha vifaa watu wazima wenye upungufu usio mgumu, na wataalamu wachache waliopo wabaki na kesi ngumu. Kampuni ile ile ya Pretoria ikaenda kuuza vifaa vyake Marekani kwa chini ya dola 1,000 kwa jozi, ushahidi kwamba bei inashuka pale sheria inapoisukuma. Neno dogo kuhusu lugha: kumpima mzee wa Pemba kwa orodha ya maneno ya Kiingereza ni kupima Kiingereza chake.

Watoto ni sura nyingine kabisa, na hesabu zao hazifanani na za wazee. Mzee anarudishiwa lugha aliyokwisha kuijua. Mtoto anaijenga, na miaka ya mwanzo haisubiri. Kwa wenye uziwi mkubwa ambao shimesikio haliwatoshi, upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Lakini chuma hicho hakiondoi haja ya lugha ya alama, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mzazi anayeambiwa achague moja, mashine au mikono, anapewa uchaguzi usio wa lazima: mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na siku betri ikiisha darasani bado ana lugha.

Na kwa mtoto anayevaa shimesikio, kitu kinachoamua kila kitu ni kipande laini kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake, kinachoshika kifaa na kuziba njia. Hakina chipu. Sikio la mtoto mdogo linakua kwa kasi, na kipande hicho kinapaswa kutengenezwa upya kila baada ya miezi michache. Kikilegea sauti inavuja, mluzi unarudi, na mtoto anakivua. Kabla ya kuuliza kama hospitali ya mkoa imepata vifaa vyenye akili mnemba, ni busara kuuliza kama kuna mtu pale anayeweza kufinyanga kipande hicho, na kama mzazi atakipata wiki hiyo hiyo au atapewa tarehe ya mwaka ujao.